Jinsi ya Kumtoa Mwalimu wa Historia Hotelini

Kwanza tafuta hoteli nzuri pale Bofa. Hazikosekani. Kutoka mjini Kilifi unashika Barabara ya Bofa, tuktuk inakushusha getini, ukipita mivinje unaiona bahari yote mbele yako, maji yamekupwa na miamba imeanika migongo. Lipia ukumbi. Agiza chai ya saa nne na mahamri. Waandikishe walimu wako wa historia, wagawie madaftari na kalamu. Wakishatulia, na kila mmoja amejipatia kiti kinachopata upepo wa feni, waambie wainuke, wavae viatu vya kutembelea, wapande matatu uliyokodi. Safari ni ya Mnarani.

Watanung'unika kidogo. Usijali. Mwalimu aliyeitwa semina anaijua semina. Anajua kutakuwa na sala ya kufungua, watu watajitambulisha, kisha mwezeshaji atauliza, "Mna matarajio gani?" na kuyaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa ambayo haitatazamwa tena mpaka siku ya kufunga. Halafu slaidi. Slaidi ya kwanza inaeleza maana ya historia. Mtu amefundisha historia miaka 18, amekula chaki mpaka kifua kinamwasha, leo anasomewa maana ya historia! Hilo ni kosa la adabu kabla halijawa kosa la elimu.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeandaa mafunzo: afisa wa elimu wa kaunti, mwalimu mkuu, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Pwani, mtu wa shirika lenye fedha kidogo na nia njema. Nauandika kwa mzaha kidogo kwa sababu walimu wamechoka kuandikiwa kwa lugha ya waraka. Lakini kila hatua humu nataka ifuatwe kama ilivyo.

Kabla matatu haijaondoka, jua unambeba nani. Mwenzake wa hesabu na sayansi ana kituo chake, CEMASTEA, kule Karen, Nairobi, kilichotokana na mradi ulioanza 1998 kwa msaada wa Japani. Wa fizikia huitwa, hufundishwa jinsi ya kutengeneza jaribio kwa chupa na mrija, hurudi shuleni na kitu mkononi. Mwalimu wa historia hana mlango kama huo wa kubisha. Mwaka 2021 Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC) ilizindua mafunzo ya lazima ya kuendeleza walimu: moduli sita, kila moja miaka mitano, ada shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwa mwalimu. Piga hesabu, ni miaka 30. Vyama vya walimu vilipinga, na hasa ile ada. Mimi naongeza pingamizi langu: mafunzo yanayowekwa kwa walimu wote kwa pamoja hayawezi kumfikia wa historia pale anapokwama, yaani kwenye somo lenyewe.

Na somo lenyewe limehama. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10, na sasa mwalimu aliyezoea Historia na Serikali ya mtihani wa KCSE anakutana na Historia na Uraia, anaambiwa mwanafunzi achunguze, aulize, atoe ushahidi. Vizuri sana. Ila nani amemchunguzisha mwalimu? Yeye mwenyewe alifundishwa kwa "taja sababu tano". Alifaulu kwa kutaja sababu tano. Ukimwamsha usiku wa manane atakutajia sababu tano za upinzani wa Wagiriama bila kuwasha taa. Kumdai afundishe uchunguzi ambao hakuwahi kuufanya ni kumtuma baharini mtu ambaye hajawahi kushika kasia.

Basi. Matatu imevuka daraja, mmefika. Mnarani iko ukingoni mwa ghuba, upande wa kusini, juu ya genge. Ukitazama chini unaona mashua zimetia nanga na daraja lililofunguliwa 1991 likiwa limeruka maji. Kuna misikiti miwili iliyobaki kuta, kisima, mibuyu, na makaburi, moja likiwa na mnara mrefu ambao watu wanausimulia kuwa ndio uliopapa mahali hapo jina. Mwanaakiolojia James Kirkman alipachimba mwaka 1954. Usiwaambie hayo walimu. Nyamaza. Na mhifadhi wa pale mwombe, kwa heshima zote, naye anyamaze kwanza.

Mpe kila mwalimu dakika ishirini na kazi moja: chagua kitu kimoja, andika unachokiona kwa macho tu. Usiandike ulichosoma. Mmoja atasimama mbele ya mihrabu ya msikiti mkubwa, pale penye maandishi yaliyochongwa katika jiwe la tumbawe, ataandika "maandishi ya Kiarabu", atadhani amemaliza. Msogelee. Muulize: jiwe hili lilitoka wapi? Atatazama baharini. Lilikatwa likiwa bado laini au limeshakauka? Nani alikuwa na mkono wa kuchonga herufi ndogo hivi? Alilipwa na nani? Ukiona mwalimu anapitisha kidole hewani kufuata mchongo, bila kugusa, midomo inatikisika, muache. Mafunzo yameanza.

Halafu uliza swali ambalo kila mwanafunzi wa pwani huuliza, na ambalo walimu wengi hulijibu haraka haraka: nani walijenga hapa?

Majibu yatatoka mawili au matatu, na kila jibu litakuwa na mwaka wake. Aliyesoma zamani atasema Waarabu. Hana kosa, ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo wataalamu wa wakati ule walivyoandika. Kirkman huyo huyo, kitabu chake cha 1954 kuhusu Gede kiliuita mji wa Waarabu tangu jaladani. Aliyesoma baadaye atasema ni Waafrika, kwa sababu wanaakiolojia waliofuata, wakiwemo Wakenya kama George Abungu na Chapurukha Kusimba, walionyesha miji hii ilivyochipuka kutoka vijiji vya wenyeji. Na yupo atakayesema Washirazi, yaani watu wa Uajemi, kwa kuwa bibi yake alimwambia hivyo. Hapo watoe habari ya utafiti uliochapishwa Machi 2023 katika jarida la Nature, Kusimba akiwa miongoni mwa waandishi: vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani hii na bara yake, Mtwapa ikiwemo, na Mtwapa ni kaunti hii hii ya Kilifi. Matokeo: wengi wao, upande wa kina mama ni Waafrika, na upande wa kina baba kuna asili kubwa ya Asia, hasa Uajemi, mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000. Bibi hakuwa akisema upuuzi. Wala wanaakiolojia hawakuwa wakidanganya.

Simama hapo kidogo, usikimbilie mada nyingine. Mwalimu anahitaji muda wa kumeza kwamba jibu alilolitoa darasani miaka kumi limepitwa. Hakuna aibu katika hilo. Daktari hupewa habari dawa inapobadilika. Mwalimu wa historia anaachwa na dawa ya mwaka aliohitimu.

Siku ya pili mpeleke Gede. Tangu Julai 2024 mji huo uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na kuna watoto wa shule za Kilifi ambao hawajauona kwa macho, jambo linaloniuma kuliko yote katika makala hii. Usiwatembeze walimu kila kona. Nenda nao moja kwa moja kwenye kaburi lenye tarehe, lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, uwaulize huo ni mwaka gani wa Miladi. Watatoa simu. Zuia simu. Wengi watajumlisha 622 na kupata 1424. Jibu ni 1399. Mbona tofauti? Mwalimu anayefundisha pia dini ya Kiislamu ataeleza kwamba mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, na siku hizo zikirundikana kwa karne nane zinakula miaka mingi. Hesabu hiyo moja, ikifanywa vumbini kwa kijiti, inafundisha zaidi kuhusu tarehe kuliko mihadhara miwili ya ukumbini.

Kisha nyumba. Kirkman aliziita kwa vitu alivyovikuta ndani: nyumba ya kauri, nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya sarafu za Kichina. Waulize walimu: mwenye nyumba mwenyewe angeiita nyumba yake kwa mkasi alioupoteza? Watacheka. Wakimaliza kucheka watakuwa wameelewa kwamba hata jina kwenye kibao ni tafsiri ya mtu fulani wa wakati fulani. Hiyo sarafu ya China itawapeleka Malindi, iliyotuma twiga kwa mfalme wa China mwaka 1415, miaka 83 kabla Vasco da Gama hajatia nanga pale mwaka 1498. Mtoto wa Malindi anayejua nguzo ya Vasco na hajui habari ya twiga amefundishwa nusu, na anayepaswa kumpa nusu ya pili ni huyu uliyemleta.

Sasa rudini hotelini. Ndiyo, ukumbi una kazi yake, nami sikatai mtu ale wali wa nazi akiwa ameketi. Baada ya chakula unganisha meza na utandaze karatasi.

Kuna utafiti wa Mmarekani Sam Wineburg, wa 1991, ambao kila mwezeshaji anapaswa kuujua. Aliwapa wanahistoria 8 na wanafunzi 8 hodari wa sekondari hati zile zile kuhusu mapigano ya Lexington ya 1775, akawaambia wasome kwa sauti huku wakisema wanachofikiri. Wanafunzi walianza mstari wa kwanza wakaenda mpaka wa mwisho. Wanahistoria walianza chini au juu: nani kaandika, lini, kwa ajili ya nani? Baadhi yao hawakuwa hata wataalamu wa vita hivyo. Walichowazidi wanafunzi ni tabia ya kumshuku mwandishi kwanza.

Sisi hatuna haja ya Lexington. Tuna Mekatilili wa Menza na upinzani wa Wagiriama. Weka mezani nakala za ripoti za serikali ya kikoloni za 1913 na 1914, za akina Arthur Champion, afisa aliyetumwa kukaa na Wagiriama, na za mkubwa wake wa jimbo, Charles Hobley. Pembeni yake weka simulizi wanayoijua wote: Mekatilili alikwenda mkutanoni na kuku mwenye vifaranga, akamwambia Mzungu jaribu kuchukua kifaranga kimoja, kuku akamdonoa, na Mekatilili akasema hivi ndivyo itakavyokuwa mkija kuchukua vijana wetu. Wagawe walimu. Upande mmoja usome ripoti kutafuta kuku. Upande wa pili usome simulizi kutafuta kodi ya vibanda, wapagazi na vibarua wa mashamba.

Nakuhakikishia saa moja haitatosha. Kuna atakayesema kuku hayumo katika karatasi za serikali, kwa hiyo ni hekaya. Mwenzake, mwana wa Magarini pengine, atampandia juu: afisa aliyedonolewa na kuku mbele ya umati ataandika hilo katika ripoti yake? Mwingine atauliza simulizi ilianza kuandikwa lini. Mwingine atauliza kwa nini ripoti zinasema "mchochezi" na hazisemi alichochea juu ya nini. Wewe kaa kimya, washa feni. Wakipoa, wakumbushe mambo yasiyo na ubishi: alikamatwa Oktoba 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali, magharibi mwa nchi, wakatoroka na kurudi Giriama mwaka uliofuata kwa mguu, na Agosti 1914 serikali ikalipua makao yao matakatifu, Kaya Fungo, kwa baruti. Halafu uliza: kesho mtawafundishaje Gredi ya 10 bila kuanza na "taja sababu tano"?

Yapo mambo mazito zaidi, na hayo usiyaweke siku ya kwanza. Watu wakishakula pamoja na kubishana pamoja, fungua somo la utumwa. Mashamba ya nafaka ya Malindi katika karne ya 19 yalilimwa na watumwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Waliotoroka walijenga vijiji vyao bara ya pwani, Fuladoyo ikiwa kimojawapo. Haya si mambo ya kitabuni tu huku kwetu. Katika darasa moja la Kilifi ameketi kitukuu wa aliyemiliki na kitukuu wa aliyemilikiwa, na mara nyingine ni mtoto yule yule mmoja. Ongeza habari ya ardhi, nani mwenye shamba na nani maskwota, na utaelewa kwa nini mwalimu huipitia mada hiyo mbio mbio, macho yakiwa kwenye saa. Anaogopa mzazi atakuja shuleni. Anaogopa mtoto atacheka, au atalia.

Mafunzo yoyote ya walimu wa historia pwani yasiyomsaidia mwalimu kufundisha somo hili moja ni pikiniki. Nasema hivyo bila mzaha. Mkalishe mwalimu, mwombe alifundishe somo la utumwa mbele ya wenzake, dakika kumi, wenzake wakijifanya wanafunzi na wakiuliza maswali ambayo watoto huyauliza kweli: "Mwalimu, sisi tulikuwa upande gani?" Arudie mpaka apate maneno yake. Atafute jinsi ya kutaja jambo bila kumtaja mtoto. Atajifunza kwa wenzake zaidi kuliko kwako, kwa sababu wao wamesimama pale pale anaposimama yeye.

Ukipata siku ya nne, nenda na walimu kwa wazee wa kaya. Makaya ya Wamijikenda yamo katika Urithi wa Dunia tangu 2008, lakini kabla ya UNESCO yana wenyewe. Tuma mtu mapema, uulize masharti: viatu, nguo, picha, wapi pa kuingia na wapi pa kuishia. Mkifika, shikamoo kwanza, kalamu baadaye. Omba msimuliwe habari ya vigango, yale magogo ya kuchonga ya kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja karibu na vigango viwili vya nduguze. Muda si mrefu viliibwa. Miaka baadaye vikaonekana Marekani, kimoja katika jumba la makumbusho la jimbo la Illinois, kingine katika la Chuo Kikuu cha Hampton, na ile picha ndiyo iliyothibitisha ni vya nani. Vilirudi nyumbani 2007. Mwalimu akiuliza ushahidi wa kihistoria una faida gani kwa mtu wa kawaida, mwonyeshe familia iliyorudishiwa waliokufa kwa nguvu ya picha moja.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Lipa nauli ya mwalimu. Mlaze pazuri. Usimkate posho. Usimwite wikendi moja ukamsahau; panga wakutane tena kila muhula, kumi au kumi na wawili wanaotoka shule zinazofikiana, kila mmoja akija na somo alilolifundisha na kazi za wanafunzi, nzuri na mbovu. Cheti mpe, maana TSC watakiuliza, ila andika juu yake alichokifanya: alisoma kaburi la Gede, alilinganisha ripoti na simulizi. "Alihudhuria" tu haitoshi.

Kisha kazi ya nyumbani, ambayo hata wewe mwalimu unayesoma hapa bila kualikwa popote unaweza kuianza. Kabla ya daraja, Kilifi ilivukwa kwa feri. Walikuwepo waliofunga kamba, waliouza machungwa na korosho kwenye foleni ya magari, kina mama waliojifungua wakingoja kuvuka usiku, madereva waliolala njiani. Feri ilisimama 1991. Kijana aliyekuwa na miaka 25 siku ile anakaribia miaka 60 sasa, na aliyekuwa na 45 anagonga 80, kama yupo. Chagua wanafunzi wanne, wafundishe kuuliza swali na kunyamaza, wape simu yenye betri, wakamtafute mmoja wao likizo ya Agosti hii. Msingoje ya Desemba.